Mikono Iko Wapi?

Miaka kadhaa iliyopita tulifika katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa Tanganyika kumtazama mama mmoja mfinyanzi, ambaye vyungu vyake humalizika sokoni kabla ya vya wenzake. Tulikuwa na mashine ya foto. Tulimkuta nyuma ya nyumba, chini ya paa la majani, ameketi juu ya kigoda. Mbele yake palikuwa na kigae kipana cha chungu cha zamani, na ndani ya kigae hicho chungu kipya kilikuwa kikizungushwa pole pole na mkono wa kushoto, huku mkono wa kuume ukiinua udongo. Tukamwamkia, akaitikia, kazi hakuiacha. Nasi, kwa haraka ya wageni, tukamwomba ageuke kidogo aelekee jua, ainue uso, acheke. Akageuka, akainua uso, akacheka. Foto ikatoka nzuri, na kila aliyeiona aliisifu.

Baadaye tulimpelekea nakala yake. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama kitambo, akaigeuza nyuma kana kwamba kulikuwa na kitu kilichobaki huko, kisha akatuuliza: «Wanangu, na mikono yangu iko wapi?»

Haikuwamo. Foto ilianzia kichwani ikaishia kifuani, na chungu kilionekana mdomo tu, pembeni kabisa, kama mtoto anayechungulia mlangoni. Tulikuwa tumepiga foto ya bibi mzee anayecheka. Foto ya mfinyanzi hatukuipiga.

Tangu siku ile hatuwezi kutazama foto ya fundi yeyote bila kusikia swali lile. Na kwa kuwa tumepata kuona foto nyingi za wachoraji, wachongaji na wafinyanzi katika vyumba vyao vya kazi, za Ulaya, za Marekani na za hapa kwetu Afrika, tumeona tuzipime baadhi yake mbele ya wasomaji kwa kipimo hicho cha mama yetu. Si kipimo cha shuleni, lakini hatujaona kilicho bora zaidi.

Tuanze na foto inayojulikana kuliko zote. Mwaka 1952 Mfaransa Robert Doisneau alimtembelea Picasso huko Vallauris, mji mdogo wa wafinyanzi kusini ya Ufaransa. Picasso alikuwa na miaka 70. Mezani kulikuwa na mikate ya mwokaji wa mjini, mikate yenye vidole vinene. Picasso, aliyevaa fulana yake ya mistari, akaketi nyuma ya meza, akatazama upande, na mikate miwili ikalala ukingoni mwa meza mahali ambapo mikono yake ingekuwa. Foto ikawa hiyo: mzee mwenye macho makali na mikono ya mikate.

Tunakiri kwamba tulicheka tulipoiona mara ya kwanza, na hata leo tunacheka. Doisneau alikuwa mpiga foto hodari. Lakini tumwite mama yetu wa Tanganyika aulize swali lake. Mikono iko wapi? Imefichwa chini ya meza! Na ilikuwa ni mikono iliyokuwa na kazi nyingi wakati ule. Tangu mwaka 1947 Picasso alikuwa akifanya kazi ya udongo katika kiwanda cha Madoura, cha Suzanne na Georges Ramié, na vitu alivyotengeneza huko vinahesabiwa kwa maelfu: sahani, mitungi, njiwa wa udongo, vyombo vyenye sura ya mwanamke. Foto ya mikate inamwonyesha mtu mashuhuri aliye mcheshi. Haituambii kwamba mtu huyo ana kazi.

Kuna jambo lingine la Vallauris ambalo halisemwi vya kutosha. Picasso hakulizungusha gurudumu la mfinyanzi yeye mwenyewe. Aliyekuwa akiinua vyombo juu ya gurudumu ni fundi wa kiwanda, Jules Agard. Chombo kilipotoka mikononi mwa Agard, kingali kibichi, Picasso alikishika, akakibana hapa, akakikunja pale, shingo ya chupa ikawa shingo ya njiwa. Huo ndio ufundi wake, nasi hatuudharau. Kukunja chombo kibichi bila kukipasua si kazi ya mtoto. Lakini katika foto tulizoziona, kwa kila moja ya Agard akiwa kwenye gurudumu tumehesabu nyingi za Picasso akiwa amesimama kati ya vyombo vilivyokwisha. Mpiga foto hufuata jina, na jina likisogea hatua mbili kutoka kwenye gurudumu, mashine ya foto husogea pamoja nalo.

Sasa tuvuke bahari, maana kisa cha Marekani ni kizito zaidi, nacho kimetusumbua sana.

Mwaka 1950, wakati wa kiangazi chao, Hans Namuth, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alimwomba mchoraji Jackson Pollock ruhusa ya kumpiga foto akiwa kazini. Pollock alikaa Springs, shambani, katika kisiwa cha Long Island, na chumba chake cha kazi kilikuwa ghala ya zamani. Hakuchora kama wengine. Alitandaza kitambaa sakafuni, akazunguka pande zote, akadondosha rangi kutoka kwenye kijiti au burashi iliyokauka, bila kukigusa kitambaa. Siku Namuth alipofika aliambiwa kwamba picha imekwisha, hakuna la kupiga tena. Wakaingia ghalani kutazama tu. Pollock akaikazia macho picha yake, mara akachukua kopo na kijiti, akaanza tena. Namuth naye akaanza kupiga foto.

Katika majuma yaliyofuata alipiga zaidi ya foto 500. Ghalani mwanga ulikuwa mdogo, kwa hiyo katika foto nyingi mkono wa Pollock haukushikwa. Umebaki kama moshi, huku viatu vyake na makopo ya rangi vikionekana wazi. Wapo waliosema huo ni upungufu. Sisi tunaona ndiyo sifa yake kubwa. Mkono upo, nao unakwenda. Mama yetu angeuliza swali lake hapa, angejibiwa. Kabla ya foto hizo watu wengi waliitazama kazi ya Pollock wakasema mtoto yeyote angeweza kumwaga rangi namna hii. Katika foto waliona mtu anayepima kila hatua, anayeinama, anayengoja, anayerudi nyuma. Foto hizo, zilizoanza kutoka magazetini mwaka 1951, zilifundisha watu kuona.

Lakini Namuth hakutosheka. Alitaka filimu, tena ya rangi. Hakuwa na fedha za taa kubwa, basi Pollock akatolewa nje ya ghala, achore uani penye jua. Tena ikaonekana kwamba katika filimu uso wa mchoraji hauonekani vizuri anapoinama. Namuth akapata shauri: Pollock achore juu ya kioo, na mashine ilale chini ya kioo ikitazama juu. Wakafanya hivyo. Achukue kopo, arudie, asimame, angoje filimu ibadilishwe, aanze upya. Ikafika Novemba, na baridi ikaingia. Tarehe 25 Novemba 1950 wakamaliza. Pollock, ambaye kwa miaka miwili hivi alikuwa ameacha ulevi, aliingia nyumbani akajimiminia pombe. Jioni ile wageni wakiwa mezani, alianza kugombana na Namuth juu ya nani kati yao ni mdanganyifu, kisha akaipindua meza pamoja na chakula chote. Hakurudia kukaa bila pombe kwa muda mrefu, na mwaka 1956 alikufa katika ajali ya gari, mwenyewe akiwa ameshika usukani, amelewa.

Tusiseme kwamba filimu ilimwua mtu; mtu huyo alikuwa na mzigo wake tangu ujana. Lakini tuangalie tofauti kati ya foto za ghalani na filimu ya kioo, maana hapo ndipo neno letu lilipo. Ghalani Pollock alikuwa akichora, na Namuth alikuwa akipiga. Uani Pollock alikuwa akichora ili Namuth apige. Mikono ni ile ile, rangi ni ile ile, tena filimu ni nzuri machoni: nyuzi nyeusi za rangi zikianguka juu ya kioo na mbingu nyuma yake. Lakini kazi ilikuwa imegeuzwa kuwa mchezo wa kuonyesha kazi, na fundi mwenyewe ndiye wa kwanza kuusikia uongo huo ndani ya mwili wake, hata kama mtazamaji hausikii.

Nasi tuna hatia ndogo ya namna hiyo. Tulipomgeuza mama yule aelekee jua, tulimwacha akae hivyo mpaka tukaridhika. Udongo haungoji. Tulipokuwa tukifunga mashine yetu tulimwona akigusa mdomo wa chungu, akaukuta umeanza kukauka, akaubomoa wote mpaka shingoni, akautia maji na kuanza upya. Hakutulaumu hata kwa neno moja.

Je, kuna foto ya fundi iliyo halali, ambayo haimgeuzi wala haimkati? Ipo. Tunamtaja mzee Henri Matisse. Mwaka 1941 alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa saratani, na tangu hapo siku zake nyingi zilipita kitandani au katika kiti cha magurudumu. Mtawa mmoja Mdominiko, ambaye kabla ya kuingia utawani alimwuguza, alimletea habari ya kikanisa ambacho masista walitaka kukijenga huko Vence. Matisse akaichukua kazi yote: madirisha ya vioo vya rangi, altare, mavazi ya misa, na picha kubwa za mistari myeusi juu ya vigae vyeupe vilivyochomwa katika tanuru. Kikanisa kilibarikiwa Juni 1951.

Mwaka 1949 Robert Capa, ambaye watu wanamjua zaidi kwa foto zake za vita, alimpiga foto huko Nice akijiandaa kwa picha hizo. Mzee wa karibu miaka 80 ameshika ufito mrefu wa mwanzi; makaa ya kuchorea yamefungwa kwenye ncha yake, na ncha inagusa karatasi iliyo juu ukutani. Angalia jinsi foto hiyo ilivyo. Mtu ni mdogo, ukuta ni mkubwa, na kati yao kuna ufito. Mtu aliyedhoofika anauongozaje mstari ulio mbali naye hivyo? Jibu liko katika mkono wa nyuma, ulioshika ufito karibu na mwili kama mvuvi anavyoshika upondo. Capa hakuukata ufito. Angesogea karibu kuutafuta uso, nao ulikuwa uso wa kuvutia wenye ndevu na miwani, tungepoteza kila kitu.

Kabla yake, mwaka 1944, Henri Cartier-Bresson alimpiga foto mzee huyo huyo nyumbani kwake Vence: mkono mmoja umeshika njiwa mweupe, mkono wa pili unachora. Foto hiyo haina kelele. Njiwa ametulia, mzee ametulia, na mpiga foto bila shaka naye alikuwa ametulia, kwa maana njiwa hatulii mbele ya mtu mwenye fujo. Cartier-Bresson hakupenda taa ya kumulika ghafla. Aliuona kuwa ni utovu wa adabu. Tunakubaliana naye, tena kwa sababu ya ufundi pia, kama tutakavyosema.

Sasa turudi kwetu Afrika, na hapa kalamu yetu inakuwa na uchungu kidogo. Kati ya mwaka 1909 na 1915 Herbert Lang, aliyetumwa na nyumba ya makumbusho ya New York, alipiga foto karibu 10,000 katika kaskazini ya Kongo, na nyingi ni za Wamangbetu na majirani zao. Foto zake ni safi, na tunazishukuru. Lakini mwaka 1990 wataalamu Enid Schildkrout na Curtis Keim walieleza katika kitabu chao jambo linalofaa kufikiriwa: vile vyungu vyenye kichwa cha mtu, ambavyo leo kila mtu huviona kuwa alama ya Wamangbetu, viliongezeka kwa sababu wageni wenye kununua na kupiga foto walivipenda. Jicho la mgeni lilifika kiwandani kabla ya chungu kukauka. Sawasawa na kioo cha Namuth, lakini polepole, na kwa kabila zima.

Halafu kuna zile kadi za posta za Kazimierz Zagórski, Mpolandi wa Léopoldville, alizozitoa katika miaka ya 1920 na 1930. Mwanga wake ni wa ajabu. Lakini soma maandishi yake: ni jina la kabila tu. Picasso ni Picasso, Matisse ni Matisse, hata njiwa wa Matisse anakumbukwa. Na mwanamke aliyechukua saa nyingi kusuka nywele za mwenzake, au kufinyanga mtungi, anaitwa kwa jina la watu wake wote. Foto ya namna hiyo imekata kitu kikubwa kuliko mikono.

Ndiyo maana tunapenda kumtaja Ladi Kwali wa Nigeria. Alizaliwa katika kijiji cha Kwali, akajifunza ufinyanzi kwa shangazi yake. Mwingereza Michael Cardew, aliyeanzisha chuo cha ufinyanzi huko Abuja, mji unaoitwa leo Suleja, aliona chungu chake nyumbani kwa Emir. Mwaka 1954 mama huyo akaingia chuoni, mwanamke wa kwanza kuingia. Alijua gurudumu, lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuifinyanga kwa mkono, kwa namna ya nyumbani kwao: hakizunguki chungu, anazunguka yeye, akitembea kinyumenyume huku mikono ikiinua udongo. Kisha alichora juu yake mijusi, nge, nyoka na samaki. Aliitwa Uingereza na Marekani kuonyesha kazi hiyo mbele ya watu.

Ni vigumu sana kumpiga foto mtu anayezunguka chungu kinyumenyume, na foto zake nyingi zimeshindwa. Zinamwonyesha ameinama tu, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Zilizofaulu ni zile ambazo mpiga foto alisimama mbali, miguu ikaingia ndani ya foto. Kwake yeye miguu ndiyo gurudumu. Na tangu mwaka 2007, nyuma ya noti ya naira 20, yumo Ladi Kwali pamoja na chungu chake. Si mfalme, si jemadari. Mfinyanzi, na jina lake linajulikana.

Kongo nayo ina majina ya kutunzwa. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianza chuo chake cha wachoraji huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakatoka humo Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela. Bela hakuhitaji burashi. Alichovya vidole vyake katika rangi na kupiga nukta baada ya nukta mpaka miti na samaki watokee. Atakayetuonyesha foto ya Bela, tutatafuta vidole kwanza, uso baadaye.

Tuongeze maneno machache ya ufundi, kwa kuwa siku hizi kila kijana wa parokia ana simu yenye jicho. Usiwashe taa ya simu mbele ya udongo mbichi. Taa ya mbele hufuta mistari yote ya vidole, na chungu hutoka kama kipande cha karatasi. Mwanga wa dirisha au wa mlango ukitoka ubavuni huonyesha kila alama. Usiogope kwamba gurudumu linakwenda mbio. Chungu kilichokaa sawasawa katikati yake huonekana katika foto kana kwamba kimesimama. Kikiwa kimeenda upande, ukingo wake hutoka na ukungu. Kwa hiyo foto humshitaki fundi mbaya bila mpiga foto kukusudia! Na usiseme «tazama huku». Kaa mpaka usahauliwe. Kwa wengine inachukua dakika kumi, kwa wengine asubuhi nzima.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa mama yetu. Safari hii tuliketi ubavuni, chini, mahali ambapo mkwe wake huketi akiponda vigae vya kuchanganya na udongo. Hatukumwomba kitu. Alifinyanga, alisugua kwa jiwe laini alilorithi kwa mama yake, alimkemea kuku, aliendelea. Tulipiga foto nne tu. Katika moja uso wake umeinama, hauonekani vizuri, lakini mikono yote miwili ipo, mmoja ndani ya chungu na mmoja nje, na chungu ni kizima mpaka chini.

Tulipomletea, hakucheka wala hakutushukuru mara moja. Aliileta karibu na macho, kisha akaweka ukucha juu ya mdomo wa chungu. «Hapa nimekosea,» akasema. «Upande huu ni mnene. Ndiyo maana kilipasuka motoni.» Akamwita binti yake atoke jikoni, wakainama wote wawili juu ya foto, mama akimwonyesha pale mkono wa ndani ulipochelewa kuufuata mkono wa nje. Walizungumza muda mrefu. Sisi tulikuwa tumesahauliwa kabisa.